Dada, msimulie mwali habari yote ya Mtakatifu Rita

Shikamoo dada yangu,

Nimeambiwa umeshanunua kitabu cha novena, ile sala ya siku tisa, ya Mtakatifu Rita, umkabidhi mwanetu siku ya kicheni pati mbele ya akina mama wote. Sina neno na kitabu. Wewe ndiye uliyenifundisha kuisali novena ile, taa imezimwa, ukinifinya mkono kila niliposinzia. Wewe ndiye uliyekuwa ukikata maua ya waridi ya kwa Bibi kila tarehe 22 Mei tuyapeleke kanisani yakabarikiwe. Hayo siyasahau. Ninaloomba ni umsimulie mtoto habari yote, usiishie pale unapoishia siku zote.

Maana wewe huishia kwa mume. Rita aliozwa angali msichana mdogo huko Roccaporena, kijiji cha milimani karibu na Cascia, Italia. Mumewe, Paolo Mancini, alikuwa mtu wa hasira. Rita akavumilia, akasali, mume akaongoka. Hapo unafunga kitabu, na wanawake wa jumuiya yako wanarudi makwao wakiamini kwamba Mungu anawataka wanyamaze.

Na hapo ndipo ulipoishia Jumapili ile jikoni kwa Mama. Mdogo wetu alikuwa ameketi kwenye kigoda, jicho moja halifunguki, paji la uso limechanika, mtoto amelala mgongoni. Mimi nilikuwa nachemsha maji ya chumvi nimkande. Ukaingia na kitenge chako cha jumuiya, umetoka misa ya pili, ukamtazama, ukafungua mkoba. Nikadhani unatoa leso. Ukatoa kitabu, ukamwekea mapajani, ukamwambia, "Hata Rita alikuwa na jeraha hapo hapo." Kisha ukaniuliza kama chai imebaki.

La kiwanja cha Baba nilikusamehe, na yale uliyoyasema kwa Baba Mkubwa nilikusamehe. Hili nimelisalia na bado limenikaa kooni.

Lile jeraha, Dada, Rita hakupigwa na mtu. Alikuwa mjane wa miaka mingi, mtawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino pale Cascia, anasali mbele ya Msulubiwa na kuomba ashirikishwe maumivu yake. Ndipo, kwa masimulizi ya watawa, mwiba wa taji la Yesu ulipomchoma kwenye paji. Akaishi na kidonda hicho miaka 15, mpaka alipofariki mwaka 1457. Alikiomba mwenyewe kwa Bwana wake. Mdogo wetu alimwomba nani? Na huo ukali wa Paolo unaousimulia kama vile ulikuwa jirani yao, kitabu cha kwanza cha maisha ya Rita kilitoka mwaka 1610, miaka zaidi ya 150 baada ya kufa kwake.

Halafu kuna sehemu usiyoigusa kabisa. Paolo aliuawa. Milima ile ilikuwa imejaa visasi vya koo, na wanawe wawili walitazamiwa kulipa damu ya baba yao. Rita akakataa. Inasimuliwa kwamba alimwomba Mungu heri awachukue kuliko wawe wauaji, na wote wawili wakafa kwa ugonjwa. Sala hiyo inanitisha mpaka leo. Akabisha hodi utawani, wakamkataa, akarudi, wakamkataa tena. Masimulizi yanasema mlango ulifunguliwa baada ya yeye kuzipatanisha koo hizo, ule wa waliomuua mumewe na ule wa mumewe. Huyo ndiye ambaye Papa Leo XIII alimtangaza mtakatifu tarehe 24 Mei 1900. Mwanamke aliyesimama katikati ya wanaume wenye silaha.

Siku ile kaka zetu walikuwa wameshawasha gari wamfuate shemeji na mapanga. Nani alisimama getini? Wewe ulikuwa sebuleni unakunywa chai. Niliwaambia watanikanyaga mimi kwanza. Walipotulia, nikamchukua mdogo wetu na mtoto wake, tukapanda basi la usiku mpaka kwangu. Mnasema nimevunja ndoa ya watu. Nilimwendea paroko wa huku, akanifungulia Sheria za Kanisa, kanuni ya 1153: mwenzi anayehatarisha roho au mwili wa mwenzake au wa watoto anampa mwenzake sababu halali ya kutengana naye. Niliitoa damu yetu kwenye hatari, na kesho ningeitoa tena.

Unajua mdogo wetu bado anakuombea? Kila jioni, kwa jina lako. Mimi nisingeweza.

Ile habari ya Januari hakuna anayeisimulia kama wewe, Dada. Theluji imefunika kila kitu, Rita yuko kitandani anamalizia siku zake, anamwomba ndugu yake amletee ua la waridi na tini mbili kutoka bustani ya kwao Roccaporena. Ndugu akadhani ni homa inayosema, lakini akaenda, akazikuta. Msimulie mwali hiyo pia, kwa sauti ile ile uliyokuwa ukitusimulia sisi.

Sasa kadi imenifika ina jina langu peke yake. Nimesikia umesema mwanamke asiyekaa na mumewe hakai mbele ya mwali. Mwanetu amenipigia analia, anamtaka mama yake mdogo aliyekuwa akimsuka kila Jumapili, anayemfuata kwa kila siri. Mchango nimeshautuma kwa mweka hazina, na nimelipa viti viwili. Tutakuja wote wawili, atakaa mbele, na ikifika zamu ya kumfunda mwali, mpeni yeye kipaza sauti kabla yako.