Barua kwa Mama Neema kuhusu kazi ya kuwahudumia wazee

Minneapolis, Minnesota
11 Januari 2026

Mpendwa Mama Neema,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye theluji. Natumaini barua hii itakukuta wewe, Baba Neema na watoto mkiwa wazima wa afya. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu.

Nimepokea ujumbe wako kuhusu mdogo wako, aliyepata viza ya kumfuata mumewe na kuambiwa na watu kwamba kazi atakayoipata upesi ni ya kuhudumia watu katika makao ya wazee. Umeniuliza kama kazi hii inafaa au haifai. Kwenye simu ningekujibu kwamba inafaa, mwambie aje, kisha tungehamia habari nyingine. Nimeona nikuandikie kwa sababu jibu langu ni refu, na kwa sababu ninaipenda kazi hii na sitaki mtu aingie ndani yake akiwa amedanganywa.

Nianze na hofu ambayo bila shaka anayo. Huko nyumbani watu husema kwa kunong'ona kwamba sisi tulioko Marekani tunaosha wazee na kuwabadilisha nepi, kana kwamba hakuna jambo zito kuliko hilo. Ni kweli tunawaosha, na ni kweli siku za kwanza harufu hukufuata hadi nyumbani, lakini mikono huzoea ndani ya majuma machache. Wewe uliyemuuguza mama mkwe wako hadi siku yake ya mwisho unalijua hilo kuliko mimi. Kinachotuumiza ni uhaba wa muda, na karibu kila jambo nitakalokueleza hapa, liwe la furaha au la uchungu, linatokana na muda.

Mafunzo yenyewe ni mafupi. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1987, iliyotungwa baada ya malalamiko mengi kuhusu wazee waliokuwa wakifungwa kwenye viti au kunyweshwa dawa za kuwatuliza, inamtaka msaidizi wa wauguzi, kama kazi yetu inavyoitwa, asome kwa saa zisizopungua 75, afanye mtihani wa nadharia na wa vitendo, kisha jina lake liandikwe katika daftari la jimbo. Katika mtihani wa vitendo wanatazama kama umenawa mikono ipasavyo, kama umefunga breki za kiti cha magurudumu kabla ya kumhamisha mtu, na kama umevuta pazia kabla ya kumvua nguo. Mdogo wako asiyadharau mambo haya madogo, hasa hilo la pazia, kwa sababu mzee aliyeachwa wazi mlango ukiwa haujafungwa hukosa usingizi kwa aibu, hata kama hana tena maneno ya kulalamika.

Mimi hufanya zamu ya jioni, kuanzia saa tisa alasiri hadi saa tano usiku. Mwezi wa Desemba jua la huku huzama kama saa kumi na nusu, na giza likianza kuingia, wengi wenye Alzheimer na maradhi mengine ya kupoteza kumbukumbu huanza kuhangaika: mmoja anatafuta koti lake akidai anakwenda kumchukua mtoto shuleni, mwingine anausukuma mlango wa nje, mwingine analia akimwita mama yake. Na hapo ndipo chakula cha jioni kinapoandaliwa, wote wanatakiwa kufikishwa mezani, na kengele za vyumbani zinalia.

Sasa hebu tupige hesabu. Zamu ya saa nane ni dakika 480. Ukipangiwa wakaazi kumi na wawili, kila mmoja anapata dakika 40 za jioni nzima, na hapo bado hujala, wala hujaandika kumbukumbu kwenye kompyuta. Katika dakika hizo unampeleka msalani zaidi ya mara moja, unamlisha kama hawezi kujilisha, unasafisha meno yake, unambadilisha, unamlaza, na kama hawezi kujigeuza unamgeuza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia upande mmoja. Anayenyanyuliwa kwa mashine kwa kawaida huhitaji wahudumu wawili. Mwenzenu mmoja akishindwa kufika kwa sababu ya theluji au mtoto mgonjwa, wakaazi wake wanagawanywa kwa mliobaki, nazo dakika zile 40 zinazidi kupungua. Ndipo unapojikuta unamlisha mtu aliyepata kiharusi kwa haraka kuliko koo lake linavyoweza kumeza, na moyo wako unajua kwamba hivi sivyo ulivyofundishwa.

Serikali ya shirikisho ilijaribu kurekebisha jambo hili. Mwaka 2024 ilitoa kanuni kwamba kila mkaazi apate angalau saa 2.45 za msaidizi, yaani karibu saa mbili na nusu, kwa kila siku. Wenye makao na baadhi ya majimbo walipinga, wakasema wafanyakazi hawapatikani na gharama hazibebeki, na Aprili 2025 jaji wa mahakama ya shirikisho huko Texas akaifuta kabla viwango hivyo havijaanza kutumika. Nilihuzunika sana. Wanaosema wafanyakazi hawapatikani wanasema kweli, ila huishia hapo bila kusema kwamba wengi waliwahi kupatikana, wakafanya kazi kwa bidii, wakaondoka kwa sababu migongo yao na mioyo yao ilishindwa. Jimbo letu lina nafuu kidogo, kwani mwaka 2023 liliunda bodi ambamo wafanyakazi, waajiri na serikali hukaa pamoja kupanga viwango vya kazi hii.

Najua utauliza watoto wa wazee hawa wako wapi. Wengine wapo: kuna binti anayekuja kila jioni akitoka kazini ili amlishe mama yake mwenyewe, na simjui mtoto wa Kiafrika anayemzidi kwa upendo. Kumtunza nyumbani mtu ambaye hawezi kusimama wala kujitambua, huku wote mkiwa kazini, ni jambo ambalo familia nyingi hushindwa. Hata kulipia makao ni mtihani. Medicare, bima ya serikali ya wazee, hulipia makao kwa muda usiozidi siku 100, tena ni pale tu mtu anapohitaji uuguzi au mazoezi ya viungo baada ya hospitali. Baada ya hapo familia hulipa mfukoni hadi akiba iishe, ndipo Medicaid, bima ya wasio na uwezo, ichukue mzigo. Hata pale Fungafunga, makao ya wazee ya Morogoro yaliyo jirani na kwenu, kuna wazee waliokuwa na watu wao.

Nikueleze sasa kinachonifanya nirudi kazini kila siku. Alasiri moja nilikuwa nikimvisha viatu bibi mmoja kabla ya chakula. Sitamtaja jina, kwa kuwa sheria ya mwaka 1996 inalinda siri za wagonjwa na heshima nayo inanikataza. Kiatu alichokivaa juzi bila shida kikagoma kuingia. Nilibonyeza juu ya kifundo cha mguu na kidole kikaacha shimo. Nikampima uzito, nikaona umepanda. Nilimwita muuguzi, muuguzi akampigia daktari, dawa ya kupunguza maji mwilini ikaongezwa usiku uleule, na bibi yule mwenye moyo dhaifu akalala kitandani kwake badala ya kulala hospitalini. Kwa kanuni, mkaazi wa muda mrefu anatakiwa kuonwa na daktari angalau mara moja kila siku 60. Mimi naiona miguu yake kila ninapoingia zamu. Mama Neema, siku ile nilijua kwamba kazi yangu ni uuguzi kweli, hata kama haiitwi hivyo kwenye malipo.

Yuko mzee mwingine aliyekuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, ambaye jioni husimama akitaka kwenda kukamua. Hatumbishii wala hatumwambii kwamba ng'ombe waliuzwa zamani. Namshika mkono, tunatembea polepole ukumbini, namwuliza ni yupi anayetoa maziwa mengi kuliko wote, naye ananieleza mmoja baada ya mwingine mpaka tunafika mezani akiwa ametulia na ana hamu ya kula. Nilipomwambia kwamba baba yangu pia alifuga, alitaka kujua ng'ombe wetu wakoje, na nilipomweleza habari za nundu alicheka hadi machozi yakamtoka. Bibi mwingine hazungumzi kabisa, lakini ukimwekea sahani na kumkutanisha mikono, husali sala ya mezani kwa Kinorwe, lugha ya wazazi wake, tangu mwanzo hadi amina. Mambo haya yanahitaji dakika kumi za utulivu, na jioni tukiwa wahudumu wachache hayatokei: mfugaji anakemewa aketi, na bibi analishwa bila sala.

Yapo pia machungu ambayo lazima ayajue. Atakutana na watakaomwambia asiwaguse kwa mikono yake myeusi. Baadhi yao ugonjwa umewaondolea kizuizi cha ulimi, na hao nimewasamehe; wengine wana akili timamu. Msimamizi mwema huzungumza na mkaazi wa namna hiyo na kumlinda mfanyakazi wake, asiyejali humwambia mfanyakazi avumilie. Wenzangu kadhaa husema tuzoee. Mimi sikubali, na ningependa mdogo wako naye asikubali. Atapigwa na kung'atwa pia wakati wa kuogesha, na hilo ni tofauti, kwa sababu anayempiga anaogopa maji na hamtambui aliye mbele yake.

Kifo ni jambo la kawaida kwetu, na ninashukuru kupewa nafasi ya kumwosha mtu kwa mara ya mwisho, kumchana nywele na kumvika nguo safi kabla familia haijaingia. Kazi hiyo naifanya taratibu hata kama kengele zinalia. Uchungu huja baadaye, pale kitanda kinapopata mtu mpya baada ya siku chache, nasi hatukupewa hata saa moja ya kumlilia aliyeondoka. Tunalilia garini. Wengi wetu ni Waliberia, Wakenya, Wasomali na Waethiopia, na huwa tunapigiana simu njiani tukirudi nyumbani.

Kuhusu fedha, atalipwa kwa saa, na kishawishi cha kufanya zamu mbili mfululizo kitakuwa kikubwa, kwa sababu ndugu wataanza kumwomba kabla hajanunua hata kitanda. Nakuomba wewe kama dada mkubwa uwaambie wasimkimbilie mwaka wa kwanza. Mgongo ukiumia hautibiki kwa urahisi, na wasaidizi ni miongoni mwa wafanyakazi wanaoumia zaidi nchini humu.

Basi jibu langu ni kwamba kazi inamfaa mtu anayependa watu, akiwa katika nyumba yenye wahudumu wa kutosha. Katika nyumba isiyo nao itamvunja, hata awe na moyo gani. Asilipe ada ya mafunzo kwa haraka, kwa sababu makao yanayomwajiri hayaruhusiwi kumtoza, na akilipa mwenyewe kisha akaajiriwa ndani ya miezi 12, anayo haki ya kurudishiwa. Kabla ya kuomba kazi popote, atazame nyota ambazo serikali huyapa makao ya wazee kwa ubora wao, moja hadi tano, na asome hasa sehemu ya idadi ya wafanyakazi mwisho wa juma. Kwenye usaili aulize msaidizi mmoja huhudumia wakaazi wangapi zamu ya jioni, na kama atajibiwa kwa kuzungushwa, aondoke.

Nitumie tarehe ya ndege mara atakapoipata. Nitampokea, nitampeleka kununua koti la baridi na viatu visivyoteleza, na nitamsaidia kujaza fomu za mtihani.

Nisalimie Baba Neema na mama.

Rafiki yako akupendaye,
Mama Upendo