Njia za Kushukia Baharini Nyali na Bamburi Zimekwenda Wapi?

Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti lenu tangu 1991 na sijawahi kushika kalamu kuwaandikia, lakini ripoti yenu ya Jumamosi iliyopita kuhusu matembezi ya familia katika mwambao wa Nyali na Bamburi, hapa Mombasa, imenikosesha utulivu. Mwandishi wenu alieleza vizuri bustani ya michezo ya maji na mitelezo yake, akaeleza vijia vya Haller Park, ile bustani ya miti na wanyama iliyoko Bamburi, kisha akamalizia kwamba asiye na pesa za kiingilio asihuzunike kwa kuwa bahari ni bure. Naomba kumuuliza ni njia gani aliyopita hadi akaifikia.

Siku ya pili ya Idi ya Fitri iliyopita nilimchukua mamangu, mwenye umri wa miaka 78, pamoja na wajukuu wake watatu, twende tukaoge bahari. Miguu humvimba, na tangu ujana wake anaamini kwamba dawa yake ni maji ya chumvi. Tulitoka mapema tukapita kichochoro anachokijua, kilicho baina ya kuta mbili za mawe ya matumbawe, ambacho zamani wavuvi walikipita wakitoka dikoni, yaani pa kushushia samaki, na mama karanga, wale wanawake wakaanga samaki, wakikipita na mabeseni vichwani. Katikati ya njia tulikuta geti la chuma lililopakwa rangi ya buluu, na nyuma yake kijana wa ulinzi. Alimwamkia mamangu kwa adabu, kisha akamuuliza anakaa chumba nambari ngapi. Mamangu hakulielewa swali hilo. Alijibu kwamba anakaa Kisauni, nyumba ya tatu kutoka msikitini. Kijana aliinamisha kichwa, akasema amri si yake, na geti halikufunguliwa.

Tulizunguka kwa tuktuk hadi ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ule tuuitao Pirates, ambako siku ya Idi hata pa kutandika mkeka ni shida kupapata. Tulipofika ilikuwa imepita saa tatu asubuhi na maji yalikuwa yamekwisha kukupwa, na mamangu hakuweza kuyafuata juu ya mwani na mawe. Alikaa juu ya leso yake. Mjukuu wake wa miaka tisa alichukua dumu la lita tano, akaenda mpaka akawa kama nukta machoni petu, akarudi nalo likiwa nusu, akammiminia nyanya yake miguuni kidogo kidogo. Mwanamke aliyezaliwa na kuzeeka kando ya bahari hii aliletewa bahari kwenye dumu, Mhariri, kwa sababu mtu fulani ameona njia iliyopitwa na vizazi ni uchochoro wa nyumba yake. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 62, inataja ardhi yote iliyo baina ya maji yanapojaa na yanapokupwa kuwa ni ardhi ya umma. Ardhi hiyo basi ni yetu, lakini yatufaa nini ikiwa kila pa kuteremkia pamejengwa ukuta? Sina ugomvi na kiingilio cha bustani ya maji, kwani mitelezo ile imejengwa kwa gharama. Wala sina ugomvi na Haller Park. Pale palikuwa machimbo ya mawe ya saruji, jangwa jeupe lisilo jani, na mivinje iliyoanza kupandwa 1971, pamoja na majongoo waliosaga majani yake yakawa udongo, ndiyo iliyofanya leo watoto watembee kivulini. Aliyepanda mti ana haki ya kudai gharama za kuutunza. Bahari haikupandwa na mtu yeyote, na njia zake zilikuwapo kabla ya kuta hizi, kwa hiyo siwezi kukubali kwamba shimo la mawe limegeuzwa kuwa mahali pa kutembea ilhali mahali pa kutembea pamegeuzwa kuwa ua wa mtu.

Kuna jambo jingine katika ripoti hiyo hiyo. Mwandishi aliwashauri wageni wafike ufuoni saa nne asubuhi waogelee, bila neno lolote kuhusu kujaa na kukupwa kwa maji. Idi ya Fitri hufuata mwezi kuandama, kwa hiyo sikukuu hiyo huangukia siku za bamvua, maji yanapojaa na kukupwa kupita kawaida, na siku hizo saa nne maji yako mbali. Wageni kutoka bara hutembea na watoto wao hadi karibu na mwamba, wakiokota kombe na kupiga picha, bila kujua kwamba maji yakianza kurudi huenda yakajaza kwanza mikondo iliyo nyuma yao. Mkaazi yeyote wa huku angemweleza hayo kama angeulizwa.

Ninachopendekeza si kigumu. Kaunti ijenge nguzo mbili za mawe kwa kila njia ya kushukia baharini, moja kando ya barabara kuu na ya pili mchangani, zenye kimo cha kiunoni na kupakwa chokaa, na juu yake iandikwe nambari ya njia, upana wake kwa futi, na maneno "Njia ya umma". Geti lolote lililo baina ya nguzo hizo mbili ling'olewe. Nanyi, kila Ijumaa, chapisheni nambari za njia hizo pamoja na saa za maji kujaa na kukupwa, ili anayetoka Mikindani au Machakos ajue pa kupita na wakati wa kwenda.

Mamangu anazikumbuka njia nne baina ya Nyali na Bamburi, na yuko tayari kumwonyesha mwandishi wenu moja baada ya nyingine. Aje siku ya bamvua, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla maji hayajakimbia, na awe na kalamu na futi ya kupimia.

Msomaji wa siku nyingi,
Kisauni, Mombasa