Jina lako litaandikwa wapi?

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako nimeusoma, mama yako akanisomea tena kwa sauti kama vile mimi sijui kusoma. Kwamba mkataba ukiisha hapo Dubai mnahamia kwao mwenzio, mji wa Pateros, Ufilipino. Kijana sina neno naye. Shikamoo yake inanyooka kuliko ya wajomba zako. Nauliza kimoja tu: hiyo nyumba iko kwenye ardhi ya nani?

Nimemtuma mdogo wako atafute kwenye simu. Katiba yao ya 1987 hairuhusu mgeni kumiliki ardhi, hata aliyeolewa, labda arithi. Na mji wenyewe umehangaika na mipaka tangu uzaliwe. Ulikuwa kitongoji cha mji wa Pasig, ukatengwa mwaka 1770. Mwaka 1903 Wamarekani, waliotawala wakati ule, wakauunganisha na mji jirani wa Taguig, baadaye ukaachiwa tena. Mwaka 1975 ukatolewa mkoa wa Rizal ukatiwa Metro Manila, eneo la jiji kuu. Bibi wa watu kalala mkoa huu kaamkia mwingine, na kitanda hakijasogea! Leo haufiki hata kilomita za mraba 3. Wenyewe wanadai sehemu ya Fort Bonifacio, iliyokuwa kambi ya jeshi, ni yao. Taguig na jirani yake Makati, waliogombania huko huko, wakapelekana Mahakama ya Juu, Taguig ikashinda, mitaa 10 ikahamia kwake. Pateros inaendelea kudai.

Mji wenye serikali unahangaika hivyo, sembuse wewe na begi lako?

Usiseme baba anahubiri. Ile minyaa ya upande wa mto, kwenye kipande cha bibi nilichokuonyesha, haipo tena. Jirani alinipa hela mwaka ule wa ada yako, hatukuandikiana, naye kila msimu akalima hatua mbili mbele. Ningesema nini, na hela nilishakula? Basi. Ndoa isajiliwe, cheti kikae kwako, si kwa mama mkwe.

Kazi umeitafuta mwenyewe, hilo najivunia, ingawa hukuniaga vizuri.

Nimeambiwa chakula chao cha balut ni yai la bata lenye kifaranga ndani. Ukija, usiniletee.

Bati la jikoni linavuja bado. Mbuzi mweusi amezaa mapacha. Mama yako anauliza lile sufuria kubwa uliazima kwa nani, maana wamekuja wawili kulidai. Jibu hilo, na la ardhi.

Baba yako
Muheza