Pima mdomo, usipime mkia

Mwanangu,

Salaam kutoka nyumbani. Picha zako zimefika zote tatu. Mama yako ndiye aliyezifungua mwanzo, akaniita: "Njoo uone bilauri za mwanao." Hajakosea sana. Bilauri nyembamba ya kioo, ukingo una meno kama msumeno, kitako kimechongoka. Huyo ni Parafavella, mmoja wa tintinidi, vile vijidudu vya baharini vinavyojijengea nyumba, na kwa maji ya Tromsø, huko kaskazini ya Norwe, ningeshangaa kama ungemkosa.

Unauliza kama hizo lorika tatu, yaani nyumba zao, moja fupi na nene, moja ndefu yenye mkia, moja iko katikati, ni spishi tatu au moja. Swali hilo lilishaniaibisha mimi, kwa hiyo nivumilie nikujibu kwa kuzunguka.

Nilikuwa bado kijana pale maabara. Tulitoka na mashua Ghuba ya Chwaka, maji yanajaa, tukaburuta wavu wa macho ya mikromita 20 kando ya mikoko. Usiku nikakaa na hadubini. Kwenye tone moja nikaona tintinidi aitwaye Favella, wengi, zile kengele pana zenye ncha chini, na katikati yao lorika moja yenye pete za kuzunguka, kama ukili unavyoshonwa kuwa kikapu. Nikaifungulia mstari wake kwenye jedwali, spishi ngeni katika orodha yetu, nikaenda kulala nimefurahi. Asubuhi mtafiti niliyekuwa namsaidia akaitazama, wala hakunigombeza. Akanisimulia kazi ya Mfaransa Michèle Laval-Peuto, ya mwaka 1977. Mama huyo alimchunguza Favella aliyebaki uchi, bila nyumba, akajijengea nyingine. Na hiyo ya pili haikuwa kengele laini bali ya pete za kuzunguka, umbo ambalo vitabu vilikuwa vimelipa jenasi yake kabisa, yaani kundi lake la spishi, Coxliella. Mwenyeji ni yule yule. Nikachukua kifutio.

Hapo ndipo penye mtego wa kazi hii. Tintinidi ni siliati, seli moja tu yenye taji la nyweleo mdomoni, na wengi wao nyumba zao ni kati ya mikromita 20 na 200. Wale wa 100 ukiwapanga kumi wanafika milimita moja. Ukimpata akiwa hai utamwona ameshikilia kitako cha nyumba kwa kikonyo, taji liko nje, nyweleo zinapiga, anakwenda kwa kuyumba. Gonga kioo kwa ukucha: anajivuta chini ghafla, unadhani nyumba ni tupu. Subiri. Baada ya muda anachungulia tena. Kwa mchezo huo nimechelewa chakula cha mchana mara nyingi, mama yako ni shahidi. Lakini ukimimina fomalini, dawa ya kuhifadhia sampuli, mwenyeji ananywea au anachomoka kabisa, kinachobaki ni lorika. Basi watu wa zamani walitoa majina kwa walichokiona. Mwaka 1929 Kofoid na Campbell wa California walitoa orodha yenye mamia ya spishi, wakiongozwa na umbo la nyumba, na leo majina yamepita 1000. Mimi sidhani kama bahari ina wote hao. Vinasaba vimeshafichua makosa ya pande zote mbili: nyumba zisizofanana ambazo wenyeji wake ni wa spishi moja, na nyumba zinazofanana kama pacha ambazo wenyeji wake ni wa koo mbalimbali.

Lakini usije ukaidharau nyumba. Ndiyo inayokuambia mtu ametoka wapi. Tintinnopsis wa Chwaka hubandika chembe za mchanga na tope kwenye lorika yake, ukimtazama ni kama ukuta wa miti uliotomewa vijiwe. Wa namna hiyo ni watu wa pwani, maana huko ndiko kwenye vya kubandika. Toka nje ya Unguja hadi maji yageuke buluu nzito, hapo unakutana na Rhabdonella mwenye michirizi, na Eutintinnus ambaye nyumba yake ni bomba lililo wazi juu na chini. Na Dictyocysta, kipenzi changu: shingo ya lorika yake ina safu ya madirisha, utadhani roshani za Mji Mkongwe.

Hao wako, Parafavella na Ptychocylis, huku hatuwaoni. Kule kusini kabisa, kuzunguka Antaktika, yupo Cymatocylis ambaye naye hana makazi mengine. Katikati yao lipo joto letu. Utadhani basi aina zinazidi kadiri unavyosogea ikweta. Hapana, zimejaa zaidi kwenye digrii 20 hadi 30 hivi kutoka ikweta, upande wa kaskazini na wa kusini. Sisi wa digrii 6 tumepitwa, jambo lililonichukua muda kulikubali.

Sasa jibu lako. Achana na urefu, achana na mkia. Pima mdomo. Ndani ya spishi moja lorika inaweza kurefuka au kufupika, mkia ukawa wa maringo au ukawa kibutu, lakini upana wa mdomo haubadiliki sana, na unaendana na chakula: chembe anayoipenda huwa na upana wa karibu robo ya mdomo wake. Mwenye mdomo wa mikromita 40 anatafuta vya 10 hivi. Ndiyo maana wenye midomo mbalimbali wanaweza kukaa maji mamoja bila kugombania sahani, mpaka kopepodi, kijidudu wa jamii ya kamba, atokee awale, au mabuu ya samaki. Kwa hiyo pima lorika thelathini, tatu hazitoshi. Midomo ikijikusanya mahali pamoja, andika jina moja, na urefu uweke safu yake pembeni. Zilizo tupu zihesabu mbali na zenye mwenyeji. Tupu huenda imeletwa na mkondo tu.

Ukibahatika utamkuta anayegawanyika. Vifaa vya nyumba mpya huandaliwa mapema ndani ya seli, halafu mmoja anabaki na nyumba ya zamani, mwingine anatoka akajenga yake. Kwa taarifa yako, kaka yako ameshahamia chumba chako. Vitabu vyako nimevipandisha juu ya kabati.

Jambo la mwisho, usitegemee fomalini peke yake. Nusu ya sampuli itie Lugol, ile dawa ya iodini, mpaka maji yawe rangi ya chai ya rangi nyepesi, uone miili imebaki ndani, ya kahawia. Nitumie vipimo kabla ya Ijumaa, nitavitazama nikirudi msikitini. Na mama yako anauliza kama hilo koti ulilonunua lina kofia.

Baba yako