Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Reli ya Brocken Mezani Kwetu

Ndugu wanachama,

Mliponikabidhi uenyekiti mwaka jana, meza yetu ya treni ndogo za mfano ilikuwa na treni nyingi na haikuwa na mahali. Injini ya mvuke ya miaka ya 1930 ilikuwa ikipishana na ICE, treni ya kasi ya siku hizi, kwenye stesheni ya kijiji ambacho hakimo kwenye ramani yoyote. Mkutano ukaamua tuchague sehemu moja ya Ujerumani na siku moja katika historia yake, kisha tuijenge hiyo tu. Uamuzi huo ndio uliobeba kazi yetu ya mwaka mzima.

Sehemu tuliyoichagua ni reli ya mlima Brocken, kwenye milima ya Harz. Geji yake, yaani nafasi kati ya reli mbili, ni mita moja, kwa hiyo kwa kipimo chetu cha 1:87, kinachopunguza kila kitu mara 87, reli zetu zinaachana milimita 12. Inaanzia stesheni ya Drei Annen Hohne, inapanda kilomita 19 hadi stesheni iliyo mita 1,125 juu ya usawa wa bahari, na haina reli ya meno katikati. Gurudumu la chuma linashika reli ya chuma, basi, na mvuke unafanya kazi iliyobaki.

Fundi wetu wa mbao alipopiga hesabu, chumba kizima kilinyamaza. Kilomita 19 zingetudai mita 218 za meza. Mwinuko wa karibu mita 580 ungetaka kilima cha mita 6.7, na dari yetu haifiki hata mita 3. Tukaacha vijiji na sehemu kubwa ya msitu, tukabaki na vipande viwili: kituo cha kupishana cha Goetheweg na kilele chenyewe. Mteremko hatukuugusa. Kule mkali kuliko yote ni 1 kwa 30, na kwetu ni huohuo, maana yake kuinua reli sentimita 30 kumekula mita 9 za njia. Ndiyo sababu reli yetu inauzunguka mlima kama ile ya kweli inavyofanya karibu na kilele.

Sasa niseme juu ya siku, kwani hapo ndipo tulipogombana, na mimi sijutii ugomvi ule. Vijana walitaka Brocken ya leo, yenye watalii na mabegi ya mgongoni. Wenzetu waliokuja kusoma Leipzig na Dresden zamani za Ujerumani Mashariki walitaka mlima ule waliokatazwa kuukaribia. Baada ya mwaka 1961 raia hakuruhusiwa kufika kileleni. Palikuwa na ukuta wa zege, askari, na mitambo ya kunasa mawasiliano ya upande wa Magharibi. Tarehe 3 Desemba 1989 waandamanaji walipanda kwa miguu wakadai lango lifunguliwe, likafunguliwa. Mwenzetu mmoja aliuliza tutawezaje kuuonyesha mlima kwa furaha tupu, kana kwamba miaka ile 28 haikuwapo.

Jibu lilitokana na tarehe yenyewe. Treni za abiria zilirudi kileleni tarehe 15 Septemba 1991, na askari wa mwisho wa Kisovieti waliondoka pale mwaka 1994. Kwa hiyo siku ile ya Septemba abiria wanashuka kwenye treni huku jeshi bado limo mlimani. Tarehe hiyo ilikubaliwa na wote bila kura.

Tarehe ina gharama zake. Kampuni inayoendesha reli hiyo leo iliipokea mwaka 1993 tu. Mwaka 1991 mmiliki alikuwa bado Deutsche Reichsbahn, shirika la reli la iliyokuwa Ujerumani Mashariki. Injini tuliyoinunua ilikuja na nembo ya kampuni mpya. Mweka hazina alikaa jioni tatu akiifuta kwa spiriti na kijiti cha meno, kisha akabandika namba 99 7232-4, ambayo tarakimu yake ya mwisho ni ya kuhakiki zile za mwanzo. Ni moja ya injini 17 za aina hiyo zilizoundwa Babelsberg kati ya 1954 na 1956, zenye ekseli tano za kuvuta. Ninawaomba mkiitazama msipite haraka.

Haikukosa kutusumbua. Ikiwa na mabehewa sita ilifika katikati ya mteremko, magurudumu yakazunguka pale pale. Tuliongeza vipande vya risasi ndani ya tangi, tukapunguza mabehewa mawili, tukasafisha reli, na tangu hapo inapanda. Kwenye maonyesho yetu ya Novemba watoto hawakutaka kuondoka Goetheweg, ambapo treni inayopanda hurudi kinyumenyume kwenye njia ya pembeni kuipisha inayoshuka. Kilele bado hakijakamilika. Kule juu miti haioti, na misonobari yetu imepandwa juu mno, itang'olewa.

Fedha zimetosha, na hesabu kamili ataisoma mweka hazina. Ada haipandi.

Nimalizie na safari yetu ya mwezi Mei kwenda Wernigerode, mji wa Harz ambako reli hii inapita. Tulikwenda kupima na kupiga picha, lakini nitakachokikumbuka ni mzee wetu aliyefanya kazi karakana ya reli Tanga. Alisimama kando ya njia, akatazama mataruma, akasema, "Hii geji ni yetu." Ni kweli. Wajerumani walianza kujenga reli ya Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911, nayo ni ya mita moja. Reli ya Harz kutoka Nordhausen hadi Wernigerode ilikamilika mwaka 1899. Zilijengwa enzi moja, kwa kipimo kimoja. Ila kule kwetu wapo waliotiwa kwenye kazi ile kwa nguvu, na hilo halionekani kwenye picha za ufunguzi.

Kwa hiyo kamati inapendekeza mradi ujao uwe kipande cha reli ya Tanga, kwa milimita zilezile 12, ili injini za meza zote mbili zipite popote. Kanuni ni ileile: mahali pamoja, siku moja, na wale waliotandika reli waonekane mezani. Mwenye picha za familia za stesheni, karakana au kambi za reli kutoka Tanga hadi Moshi azilete kabla ya mwisho wa Machi. Siku tutakayoijenga tutaichagua tukiwa na picha hizo mbele yetu.

Mwenyekiti