Mwanaidi, nisaidie maneno ya Halowini

Nagoya, Oktoba

Mwanaidi shoga yangu,

Asalaam aleikum. Hujambo wewe? Watoto hawajambo, shemeji yu mzima? Magoti ya Bi Mkubwa yanaendeleaje? Sisi wazima, alhamdulillahi. Baridi imeanza kuuma asubuhi, na Baba Idi ameshatoa hita kabatini ingawa majirani wote bado wanatembea na fulana. Salamu za leo zitakuwa fupi, usinune. Nina shida, na wa kunitoa ni wewe tu uliyeishi huku Japani na kuijua lugha yao.

Jambo lenyewe ni hili. Kodomokai ya mtaa wetu, kile chama cha watoto unachokijua, imeandaa Halowini ya tarehe 31, ile siku ya watoto kuvaa mavazi ya kutisha na kuomba pipi. Huku mtoto hapiti akigonga mlango wa mtu asiyemjua kama wafanyavyo Marekani. Kila jengo linakuwa kituo, mzazi mmoja anasimama chini ya ngazi na kikapu cha pipi, watoto wanapita kwa makundi wakigongewa mihuri kwenye karatasi. Jengo letu nimepangiwa mimi. Nimefurahi kupita kiasi. Tangu tuhamie hapa nimekuwa yule mama wa kuinamisha kichwa kwenye lifti na kusema konnichiwa, basi. Sasa watoto wote wa mtaa watakuja kwangu, na itabidi nizungumze nao.

Wao najua watasema nini. Wadogo watapiga kelele "Torikku oa toriito!", yaani "Trick or treat", Kiingereza walichokitia irabu kila pembe kama tufanyavyo sisi, kwa hiyo mdomoni kwangu hakinipi taabu. Wakubwa kidogo watasema kile kirefu: "Okashi o kurenai to, itazura suru zo!" Nimekikalia hicho jikoni mpaka nimekielewa. Okashi ni vitamu vyote, kuanzia biskuti hadi pipi. Kurenai ni hunipi. Ile "to" ndogo hapo katikati ndiyo inayobeba sharti, kazi ileile ya "sipo" yetu: usiponipa. Itazura ni utundu, suru ni kufanya, na "zo" ni kule kukutolea macho mwishoni. Yaani: usiponipa vitamu nakufanyia utundu, shauri yako! Idi anaitamka hiyo "zo" kwa sauti nzito ya mzee wa miaka sitini, na yeye ana mitano.

Shida yangu ni jibu, Mwanaidi. Vitabu na video zote nilizotazama zinamfundisha mtoto la kusema. Anayeulizwa hafundishwi kitu, anaambiwa tu atoe pipi. Hebu fikiri mtu aseme "Paukwa!" na barazani pote wanyamaze, hadithi itaanzaje? Mtoto amevaa mbawa za popo, amejikaza, amesema sentensi yake nzima bila kukosea, halafu mtu mzima anamtumbulia macho na kumwekea pipi mkononi? Sitaki. Nataka kumwitikia vizuri mpaka arudi kwao akasimulie.

Basi nimejitungia hivi, na nimekurekodia sauti inayokuja pamoja na barua hii. Kwanza naogopa: "Kyaa, kowai! Itazura shinaide!", uwii, inatisha, msinifanyie utundu! Kisha natoa: "Hai, douzo", haya, chukueni. Wakisukumana: "Narande ne", pangeni mstari, na "Osanaide", msisukumane. Wakitaka kuchota: "Hitori ikko ne", mtu mmoja kimoja. Hapo kwenye kuhesabu watu wa huku hutuonea huruma, kwamba hesabu yao ni ngumu, watu hitori, futari, sannin, vitu vidogo ikko, niko, sanko. Mtu aliyezaliwa ndani ya ngeli anaogopa nini hapo? Aliyevaa kitu cha kutisha namwambia kowai, aliyevaa gauni la malkia namwambia kawaii, anapendeza, na hiyo "i" ya mwisho naivuta sawasawa, maana sitaki kumwambia binti wa watu kwamba anatisha. Na kwa yeyote nisiyemtambua ni nani: "Nan no kasou?", umejigeuza nini?

Hiyo kasou nayo ina kisa. Shuleni kwa Idi walitoa tangazo lililojaa kanji tupu, zile herufi za Kichina, bila hata herufi ndogo za kusomea juu yake, na wanajua fika kuwa nusu ya akina mama wa darasa lile tumetoka nje. Nikaulizia getini, nikajibiwa haraka haraka kwamba mtoto aje na kasou. Nikaandika kasou kwenye simu kwa kufuata sauti. Yametoka mawili: kujibadilisha kwa mavazi, na kuchoma maiti. Mama Linh kutoka Vietnam alikuwa kando yangu na simu yake imemwonyesha hilo la pili peke yake. Uso aliokuwa nao! Tangazo la watoto linastahili herufi za kusomeka, na nimewaandikia kuwaomba hivyo, kwa adabu zote za keigo, lugha yao ya heshima, ulizonifundisha. Bado sijajibiwa.

Maneno mengine yanaingia yenyewe kwa sababu Idi anayaimba kutwa. Majo, mchawi wa kike. Koumori, popo. Gaikotsu, mifupa mitupu. Kyuuketsuki, mnyonya damu. Kuroneko, paka mweusi. Kumo, buibui. Na hiyo kumo imeniletea mambo: Idi alipojua kwamba kumo ni buibui kwa lugha yetu, alikwenda kumweleza mwalimu wake kwamba mama ana kumo kubwa jeusi nyumbani, analitundika nyuma ya mlango, na Ijumaa analivaa. Mwalimu aliponiona jioni ile alikuwa ananitazama mabega. Nimemwonyesha picha, tumecheka mpaka walimu wengine wakatoka nje.

Kinachonivutia zaidi ni obake na yuurei. Mwanzoni niliona ni kitu kimoja chenye majina mawili, lakini sivyo. Yuurei ni mtu aliyekufa na kinyongo chake, nguo nyeupe, nywele zimemwagika, miguu haionekani. Obake linatokana na bakeru, kugeuka, kwa hiyo hata kitu kikuukuu kinaweza kuwa obake. Kuna kasa-obake, mwavuli wa zamani ulioota jicho moja na mguu mmoja na ulimi mrefu unaoning'inia. Idi amempenda huyo hataki kusikia mwingine.

Hapo ndipo Baba Idi alipoweka kijiko chini. Mizimu inatuhusu nini sisi, na mtoto wa Kiislamu anakwendaje kujigeuza zimwi? Sikulichukulia swali lake juu juu, nawe naomba usilichukulie hivyo. Nilimweleza ninavyoona. Ukitaka kuwaona watu wa huku na wafu wao, tazama Obon, Agosti, sehemu nyingi kuanzia 13 mpaka 16: wanarudi makwao, wanasafisha makaburi ya wazee, wanawasha moto mdogo mlangoni kuwapokea waliotangulia. Hiyo ni ibada yao, nasi tunaiheshimu na hatuingii. Hata hadithi zao za kutisha ni za kiangazi, wanasimuliana ili mwili usisimke na joto lipungue. Halowini haina mzizi huo hapa. Imeletwa na maduka na viwanja vya burudani, Tokyo Disneyland walianza kuifanya 1997, na hakuna anayeomba wala kutoa sadaka kwa chochote. Ni mavazi na pipi na watoto kupita kwa majirani. Akanyamaza, akasema sawa, ila Idi asiwe mzimu. Sasa tuko kwenye mjadala wa kama mwavuli ni mzimu. Mimi nasema mwavuli ni mwavuli. Shemeji ana maoni gani? Muulize, kisha niambie, lakini kama yuko upande wa Baba Idi usiniambie.

Pipi nazo zimenitesa. Nilitaka kupika kashata za nazi na za karanga, nizifunge vizuri, watoto waonje cha kwetu. Kamati ikakataa: lazima kiwe kimefungwa kiwandani, kimoja kimoja, na kina maandishi ya viambato. Nilikasirika, nakwambia kweli, lakini hoja yao ni ya haki. Karanga, rakkasei, iko kwenye orodha ya vitu ambavyo sheria inalazimisha viandikwe, pamoja na mayai, maziwa, ngano, soba (nafaka ya tambi zao), kamba na kaa, na mwaka 2023 wakaongeza jozi za kurumi. Mtoto mwenye mzio anaweza kufa kwa kashata yangu. Basi na mimi nimeleta hoja yangu, ya zerachin, yaani gelatini ya kugandishia pipi. Gumii na mashumaro nyingi zina zerachin ya nguruwe, na mtaani hapa watoto wa Kiislamu si Idi peke yake, kuna wa Kiindonesia na wa Kibangladeshi. Nilisema pale kikaoni, kwa Kijapani, nikiwa nimeshika pakiti: "Kore wa buta no zerachin desu. Taberarenai kodomo ga imasu." Hii ina zerachin ya nguruwe, kuna watoto wasioweza kula. Mwenyekiti akaandika. Wamekubali kituo changu kiwe cha ramune, zile pipi za vidonge, na senbei ndogo, biskuti za mchele. Hakuna sentensi niliyojifunza mwaka huu niliyoiringia kama hiyo.

Sasa, nivae nini? Buibui langu silivai kwa mchezo, hilo nimewajibu wote waliouliza. Uchawi sitaki. Lakini kuna Halowini nyingine, ilianzia Tokyo mwaka 2014, wanaiita jimi Harowin, ya watu wasiotaka makeke. Mtu anavaa kama mtu wa kawaida kabisa aliye katika jambo dogo, kisha anakwambia yeye ni nani kwa sentensi inayoishia "hito", mtu. Mathalani mtu aliyesahau mwavuli kwenye treni. Nimeipenda mno! Nitakuwa "Ichiba de kabocha o utte iru hito". Sisi tunasema mtu anayeuza maboga sokoni; wao wanaanzia sokoni, wanapita kwenye maboga, wanauza, mtu mwenyewe anafika mwisho kabisa. Kanga mbili, moja kiunoni na moja kichwani, na kikapu cha maboga miguuni. Na maboga yenyewe yatakuwa kabocha wa kweli, yale ya kijani wanayoyala huku, wanayoyapika hasa ile siku fupi kuliko zote ya Desemba. Yale ya rangi ya chungwa ni ya kuchonga macho tu. Kesho yake nalipika la nazi, hakuna boga litakalotupwa nyumbani kwangu.

Umeniuliza kama tutakwenda Shibuya, kule Tokyo, kwenye ile mikusanyiko uliyoiona kwenye televisheni. Hatuendi, na mwambie yule kijana wa Mama Salha asiende naye. Mwaka 2018 walipindua gari dogo la mizigo, 2019 wilaya ikakataza kunywa pombe barabarani siku zile, halafu yale maafa ya Itaewon kule Seoul 2022, zaidi ya watu 150 wamekufa kwa kubanana. Tangu hapo meya wa Shibuya mwenyewe anawaambia watu waziwazi wasije kwa ajili ya Halowini. Kijana aje Nagoya, ashike kikapu cha pili.

Sasa nakusubiri wewe. Umeisikiliza sauti? "Itazura shinaide" nimeitamka kama mtu anayetania, au nimesikika kama nawagombeza? Ame ya pipi naipandisha mwishoni, au imenitoka ame ya mvua? Na kwa mtoto mdogo kabisa, wa miaka miwili, anayelia kwa kuogopa, mnasema nini? "Daijoubu da yo", hakuna neno, inatosha au kuna kitu laini zaidi? Yule bibi wa Hiroshima uliyekaa kwake alikuwa anakwambiaje ulipougua? Nataka maneno ya namna ile. Na kanga, Mwanaidi: mdogo wake Salma anaondoka wiki ijayo, unaweza kumpa doti moja, nyekundu au ya njano? Usichague yenye fumbo kali, maana mama wa ghorofa ya tatu anauliza tafsiri ya kila kitu na mimi simdanganyi. Duka la pale karibu na soko bado lipo? Na Bi Mkubwa ameamua nini kuhusu ile shamba ya Pangani? Umeniachia habari katikati.

Nijibu kwa sauti, si kwa maandishi, nami nirudie baada yako.

Wasalaam,
Zuhura