Kwa vijana wa gym pale Kondele, Kisumu: hii maneno ya mboga na misuli

Wajukuu wangu, nyinyi mnaoinua jerikeni za simiti kila jioni nyuma ya kinyozi, nawasalimu. Jana mlibishana mbele ya kibanda changu cha mboga nikanyamaza tu, mmoja ati mboga ni chakula ya mbuzi, mwingine ati majani ya kunde iko na protini asilimia 30, inashinda nyama, mkaondoka bila kunipungia hata mkono.

Sasa huyu wa asilimia 30 alisoma hesabu ya majani makavu. Ukianika kunde ukasaga, kweli unapata gramu 25 hadi 30 kwa kila gramu 100, lakini nani hapa anakula unga ya kunde sahani nzima? Jani bichi karibu lote ni maji. Kunde ama dek (ile mboga chungu, wengine huita saga) mbichi, gramu 100 inakupa protini kama gramu 4 hivi, kabeji gramu 1 na kidogo, nyama zaidi ya 20, na yai moja zima liko na 6. Na mnajua vile mboga hunywea kwa sufuria, robo kilo inaisha ikawa kiganja, ndani yake kuna protini kama gramu 10. Si haba! Lakini mtu wa kilo 70 anataka kama gramu 56 kwa siku, hiyo ni kabla hajagusa simiti.

Shida yenu ni ugali mlima na mboga vijiko viwili vya kuteremshia. Mahindi iko na protini yake ila imepungukiwa laisini (kipande cha protini ambacho mwili hauwezi kujitengenezea), na laisini iko kwa majani, so ukipunja mboga hata ule ugali unakusaidia nusu nusu. Geuzeni sahani, mboga ijae, omena (dagaa) iwe juu, ama dek ilale na maziwa usiku mzima uchungu uishe, maziwa nayo ni protini ingine hapo.

Halafu mwache kuja saa mbili usiku kuokota yale majani makubwa ya bei ya kutupa. Yamezeeka, yamebaki nyuzi. Kunde na mitoo (hizo ni jamaa ya maharagwe) zinataka kuchumwa changa, kabla ya maua.

Mkebe wa poda ya protini siwakatazi, pesa ni yenu.

Jumapili niko soko la Kibuye toka asubuhi, na yule wa chakula ya mbuzi aje anibebee gunia.

Ni mimi dani (nyanya) wenu wa mboga.